Kuta za Vituo Zichorwe Turathi, Lakini za Nani?

ABIRIA anayeondoka Pap Onditi alfajiri kuelekea Kisumu, akipitia Katito na Ahero, hana haja ya kwenda katika jumba la maonyesho ili aone michoro. Kandokando ya barabara, kuta za maduka zimejaa picha na rangi. Kinyozi amechora vichwa vilivyonyolewa kwa mitindo mbalimbali. Mwenye hoteli amechora samaki mzima juu ya sahani ya ugali. Kampuni za simu, za soda na za sabuni nazo zimepaka majengo mazima rangi zao, kutoka msingi hadi paa.

Ni nadra, hata hivyo, kwa abiria huyo kukuta katika kituo chochote cha usafiri mchoro unaomweleza juu ya nchi anayoipita: wafinyanzi wa Nyakach, wavuvi wa ghuba ya Winam, wakulima wa mpunga wa Ahero au visa vya kale ambavyo bibi yake alimsimulia. Ukuta wa kituo humwambia anunue nini. Haumwambii yuko wapi.

Katika miji kadhaa duniani, vituo vya treni na mabasi vimekuwa mahali pa kuonyesha turathi za wenyeji kwa michoro ya ukutani. Wazo hilo linafaa kupimwa katika eneo la Kisumu wakati huu. Treni ya abiria kati ya Nairobi na Kisumu ilirejea Desemba 2021 baada ya reli ya zamani kukarabatiwa. Jiji lilipambwa kwa ajili ya kongamano la Africities la Mei 2022, na mpango wa kuirefusha reli ya SGR kutoka Naivasha hadi Kisumu na Malaba umezungumziwa kwa miaka mingi. Vituo vikijengwa au vikikarabatiwa, kuta zitakuwepo. Swali ni nani atakayeamua kitakachochorwa juu yake.

Jina la kwanza lilikuwa la mgeni

Historia ya kituo cha Kisumu yenyewe ni onyo. Reli kutoka Mombasa ilifika ukingoni mwa Ziwa Viktoria mnamo Desemba 20, 1901, na mahali hapo pakaitwa Port Florence, kwa heshima ya Florence Preston, mke wa mmoja wa waliosimamia utandazaji wa reli hiyo. Maelfu ya vibarua kutoka Bara Hindi walikuwa wametoa jasho, na baadhi yao uhai, ili reli ifike hapo. Wenyeji wa pwani hiyo walikuwa na jina lao kwa mahali hapo. Lakini ubao wa kituo ulibeba jina la mgeni.

Jina la wenyeji ndilo lililodumu. Kwa maelezo yanayokubaliwa na wengi, Kisumu latokana na neno la Kijaluo linalohusu kwenda kutafuta chakula kwa kubadilishana mali. Wajaluo, Waluhya na Wanandi walikutana hapo, huyu na samaki au chungu chake, yule na nafaka au mifugo yake. Kabla ya reli na kabla ya gavana yeyote wa kikoloni, Kisumu ilikuwa kituo: watu wa lugha tofauti walifika, wakabadilishana mali, wakarudi makwao.

Jambo hili lina uzito mkubwa katika mjadala wa michoro. Ikiwa turathi ya kwanza ya Kisumu ni kukutana kwa jamii, basi mchoro wa kituo unaosifu jamii moja na kuzifuta nyingine utakuwa umeikana historia ya mahali penyewe.

Somo la treni ya Kibera

Kenya si mgeni wa sanaa katika vyombo vya usafiri. Mfano ulio bora zaidi ulitokea katika reli ile ile inayokwenda Kisumu. Katika ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, vijana wa Kibera jijini Nairobi waling'oa sehemu ya reli hiyo inayokatiza mtaa wao, na shughuli za uchukuzi kuelekea magharibi mwa nchi na Uganda zikakwama.

Miaka mitano baadaye, uchaguzi wa Machi 2013 ulipokaribia, wachoraji wa grafiti wakiwemo Swift9, Uhuru B na Bankslave walishirikiana na vijana wa Kibera kuyapaka mabehewa ya treni ya abiria ujumbe na picha za amani. Shirika la Rift Valley Railways, ambalo lilikuwa likiendesha reli kwa mkataba wakati huo, lilitoa idhini. Treni iliyokuwa imezuiwa kupita ikawa inapita huku imebeba picha zilizochorwa na wakazi wa mtaa huo huo.

Mafanikio ya mradi huo hayakutokana na wingi wa rangi. Wachoraji walitoka katika jamii zilizoumia, mwenye treni aliridhia, na ujumbe ulikuwa na sababu iliyoeleweka na kila abiria. Mambo hayo matatu, yaani mchoraji wa mahali, idhini ya mwenye chombo na sababu ya wazi, ndiyo mizani inayofaa kuupimia mradi wowote wa aina hiyo.

Upande wa barabarani, uhusiano kati ya dola na rangi umekuwa wa kuvutana. Kanuni za Waziri wa Uchukuzi wakati huo, John Michuki, zilizoanza kutekelezwa Februari 2004, zililazimisha kila matatu kuwa na mstari wa manjano ubavuni. Lengo lilikuwa usalama, na abiria wengi waliusifu utaratibu huo uliowaletea mikanda na kuondoa msongamano ndani ya magari. Lakini michoro iliyokuwa imeyafanya magari hayo kuwa kama majumba ya sanaa yanayotembea ilifutwa pamoja na uzembe. Mnamo Novemba 2014, Rais Uhuru Kenyatta aliagiza vijana wasisumbuliwe tena kwa sababu ya grafiti katika matatu, akisema kazi hiyo ni riziki yao.

Miaka hiyo kumi yafundisha kwamba sanaa ya usafiri nchini Kenya imeishi kwa hisani ya amri. Leo yakatazwa, kesho yaruhusiwa. Michoro ya turathi katika vituo itakuwa na hatima iyo hiyo iwapo itategemea ari ya kiongozi mmoja na kukosa utaratibu uliokubaliwa.

Punda milia amepata kituo

Reli ya SGR kati ya Mombasa na Nairobi, iliyozinduliwa Mei 31, 2017, ilikuwa nafasi kubwa ya kwanza katika kizazi hiki ya kuamua vituo vya Kenya viwe na sura gani. Wasanifu hawakupuuza mazingira. Kituo cha Mombasa kilichorwa kwa mfano wa mawimbi ya maji yanayotawanyika kwa duara, cha Mariakani kikapewa umbo linalokumbusha mnazi, na cha Miasenyi kikavikwa milia ya punda milia.

Hayo yapendeza macho. Hata hivyo, mtazamaji makini atagundua kwamba katika sura hizo kuna mnyama, mti na maji, lakini ni vigumu kumwona mtu. Mijikenda aliyeupanda na kuugema mnazi haonekani, wala Mtaita aliyeishi na wanyama hao vizazi na vizazi. Nchi imesawiriwa kama mtalii anavyopenda kuiona.

Jiji la Mexico lilifuata njia nyingine. Mfumo wake wa treni za chini ya ardhi ulipofunguliwa mwaka 1969, kila kituo kilipewa alama ya picha kando ya jina lake, ili hata asiyejua kusoma ajue mahali pa kushukia. Alama nyingi zilitokana na historia ya mtaa husika. Wachimbaji walipofukua madhabahu ya Waazteki ya mungu wa upepo, Ehécatl, hawakuyafukia. Yamehifadhiwa ndani ya kituo cha Pino Suárez, na abiria hupita kando yake kila siku.

Mfano huo una mafunzo mawili kwa Kisumu. La kwanza ni kwamba picha ya turathi yaweza kuwa na kazi: mzee wa Nyakach asiyejua kusoma anaweza kuitambua njia ya gari lake kwa chungu, mtumbwi au jiwe lililochorwa, badala ya kutegemea makelele ya makanga. La pili ni kwamba kumsifu mwenyeji wa kale ni rahisi kuliko kumtendea haki mjukuu wake aliye hai. Nchini Mexico kwenyewe, fahari juu ya Waazteki imeendelea sambamba na umaskini wa jamii nyingi za wenyeji hadi leo.

Chungu, mtumbwi na mwamba

Iwapo kuta zitachorwa, vitu vya kuchora havijakosekana. Nyakach na maeneo jirani yana historia ya ufinyanzi wa wanawake. Mfinyanzi hujenga chungu kwa mikono, bila gurudumu, kisha hupitisha kamba iliyosokotwa juu ya udongo ukiwa bado mbichi ili kuacha alama zinazojirudia. Chungu cha maji kina umbo lake, cha pombe kina lake na cha mboga kina lake, na mwenye jicho hujua kila kimoja kabla ya kuambiwa.

Watafiti waliochunguza ufinyanzi wa Wajaluo wameeleza jambo linalostahili kuzingatiwa. Wanawake wengi hujifunza kazi hiyo baada ya kuolewa, chini ya mkono wa mama mkwe. Kwa hiyo nakshi haifuati kabila wala damu. Hufuata kundi la wanawake wanaofinyanga pamoja mahali pamoja. Anayesema kwamba nakshi fulani ni "ya Wajaluo" amekwisha kuwanyima wenyewe, yaani wanawake wa kijiji fulani walioitunza kwa mikono yao.

Ziwani nako kuna sanaa. Mitumbwi ya mbao ya wavuvi hupakwa rangi kali na kuandikwa majina, na hivyo ni michoro ya usafiri iliyotangulia mradi wowote wa serikali. Katika kisiwa cha Mfangano, kaunti ya Homa Bay, miamba ya Kwitone na Mawanga ina michoro ya duara na mizunguko ya rangi nyekundu na nyeupe, inayonasibishwa na jamii ya Watwa walioishi huko kabla ya Wasuba na Wajaluo. Wenyeji wa baadaye waliihusisha michoro hiyo na mila za mvua.

Tena katika kaunti ya Siaya kuna Urewe, mahali palipotoa jina la vyungu vya kale ambavyo umri wake unakadiriwa kuwa miaka 2,000 hivi na zaidi. Vyungu hivyo vilifinyangwa kabla ya Wajaluo kuingia eneo hilo.

Hapa ndipo neno "wenyeji" linapokuwa na utata. Mjaluo ni mwenyeji mbele ya Mwingereza. Mbele ya Msuba, ambaye lugha yake imemezwa kiasi cha kubaki na wasemaji wachache, Mjaluo ni jirani mkubwa. Msuba naye ni mgeni mbele ya Mtwa aliyeuchora mwamba. Ukuta wa kituo una nafasi ya kusimulia mfuatano huo wote, mradi anayeshika brashi asiharakishe kuufunga kwa jina moja.

Wasiokuwemo katika picha

Kuna jamii nyingine ambayo mjadala huu hauwezi kuikwepa. Wanubi wa Kibos, viungani mwa Kisumu, ni wazawa wa askari wa Kisudani walioletwa na Waingereza katika jeshi la kikoloni. Waliishi hapo kwa miongo mingi. Mnamo Februari 2021 nyumba zao zilibomolewa katika operesheni ya kuitwaa ardhi ya reli, wakati ukarabati wa njia ya Nakuru hadi Kisumu ukiendelea. Shirika la kutetea haki la Amnesty International lilisema waliofurushwa walizidi 3,000.

Miezi 10 baadaye treni ya abiria ilirejea kwa shangwe. Mtu akichora turathi katika vituo vya njia hiyo na kumwacha Mnubi nje, atakuwa amemfurusha mara ya pili. Na akimchora akiwa amevalia mavazi ya sherehe, ilhali suala la makao halijatatuliwa kwa haki, mchoro utakuwa dhihaka. Rangi haifuniki ufa wa namna hiyo.

Mpakani, hatari ni ya aina nyingine. Sondu, soko kubwa lililo kusini mashariki mwa Nyakach, liko pale kaunti za Kisumu na Kericho zinapokutana. Wajaluo na Wakipsigis hununua na kuuza pamoja, lakini eneo hilo limeonja mapigano ya kikabila, yakiwemo ya mwaka 1992 yaliyofuata vurugu zilizoanzia shamba la Miteitei Oktoba 1991. Mizozo juu ya mpaka na wizi wa mifugo imeendelea kuibuka tangu hapo.

Fikiria shujaa Lwanda Magere, ambaye katika masimulizi ya Wajaluo mwili wake ulikuwa wa jiwe na mikuki ya maadui ilimdunda. Akichorwa katika kituo cha mabasi cha Kisumu akiwa ameinua mkuki, atakuwa fahari ya wasafiri. Akichorwa hivyo hivyo katika steji ya Sondu, atasomwa kama tishio, kwa kuwa maadui wa kisa hicho ni Wanandi, ndugu wa Wakipsigis. Mchoro ni ule ule. Ukuta ndio uliobadilika.

Ajabu ni kwamba kisa chenyewe kina upande mwingine. Magere alimwoa binti wa maadui hao, na siri ya nguvu zake ilijulikana ndani ya ndoa iliyovuka mpaka. Mchoraji mwenye busara, akikaa na wazee wa pande zote mbili kabla ya kununua rangi, angeweza kupata katika simulizi hilo hilo picha ya jamii mbili ambazo historia zao haziwezi kutenganishwa.

Sheria ipo, mfuko haupo

Wapo watakaosema kwamba haya yote yahitaji sheria mpya. Ukweli ni kwamba sehemu kubwa ya sheria ipo. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 11, yautambua utamaduni kuwa msingi wa taifa. Jedwali la Nne la Katiba hiyo limezipa kaunti shughuli za kitamaduni, uchukuzi wa barabara za kaunti na udhibiti wa matangazo ya nje. Hii ina maana kwamba kituo cha matatu cha Pap Onditi kiko chini ya serikali ya kaunti, ilhali stesheni ya treni iko chini ya Shirika la Reli la Kenya, ambalo ni la serikali ya kitaifa. Mradi unaotaka kuunganisha vyote viwili utalazimika kupiga hodi katika milango miwili.

Mwaka 2016 Bunge lilipitisha Sheria ya Kulinda Maarifa ya Jadi na Sanaa za Kitamaduni. Chini ya sheria hiyo, anayetaka kutumia nakshi, simulizi au alama za jamii anapaswa kupata kwanza idhini ya jamii hiyo baada ya kuieleza waziwazi anachokusudia, na manufaa yakipatikana yagawanywe. Kaunti zimepewa jukumu la kuweka rejista ya maarifa hayo, na Bodi ya Hakimiliki ya Kenya inapaswa kutunza hifadhi ya kitaifa.

Sheria hiyo ilizaliwa kutokana na machungu. Wakenya hawajasahau jinsi kampuni moja ya Uingereza ilivyojaribu, katikati ya miaka ya 2000, kusajili neno linalotokana na kikoi kuwa alama yake ya biashara, hadi wanaharakati wakaipinga mwaka 2007. Ingekuwa aibu kwa kaunti au shirika la umma kuyatenda kwa nakshi za mama wa Nyakach yale yaliyolaaniwa yalipotendwa na mgeni.

Kinachokosekana ni fedha na mazoea ya kulipa. Mara nyingi msanii huitwa dakika za mwisho, hupewa rangi na chakula cha mchana, kisha huambiwa kwamba "anajitangaza". Ufaransa ilikata shauri mwaka 1951 kwamba asilimia moja ya gharama ya kujenga majengo fulani ya umma itengewe sanaa. Kenya haihitaji kunakili kiwango hicho. Lakini iwapo mikataba ya vituo vipya itataja fungu la sanaa tangu siku ya kwanza, kama inavyotaja saruji na vyuma, mchoraji hatakuwa ombaomba mlangoni mwa mhandisi.

Njia nyingine ni ukuta wenyewe ujilipie. Kaunti hutoza ada kwa matangazo ya nje. Sehemu ya ada zinazotokana na kuta za vituo ikielekezwa kwa michoro ya turathi na matunzo yake, kampuni zitaendelea kutangaza, ila hazitaumeza ukuta wote.

Choo kwanza au picha kwanza?

Pingamizi kubwa zaidi litatoka kwa abiria mwenyewe, na lina haki ya kusikilizwa. Vituo vingi vya mashambani havina paa la kumkinga msafiri jua na mvua, havina maji wala choo safi. Katika Nyakach ya chini, mafuriko ya mwaka 2020, ziwa lilipofurika, yaliwaondoa watu makwao. Kumwambia mama aliyesimama kwenye tope akiwa na mtoto mgongoni kwamba atachorewa turathi yake ni kumtukana.

Pingamizi hilo halibomoi hoja ya michoro. Linaipanga. Mchoro hauna mahali pa kukaa bila ukuta, na ukuta hauna maana bila paa. Ikiwa kaunti inajenga kibanda cha abiria, gharama ya kukichora ni ndogo ikilinganishwa na ya kukijenga. Kinachopaswa kukataliwa ni picha inayotumiwa badala ya paa: kituo kinachopakwa rangi wiki moja kabla ya wageni wakuu kupita, na kuachwa kibambuke wakishaondoka.

Matunzo nayo ni sehemu ya hesabu. Jua la nyanda za Kano halina huruma, na mchoro usiotunzwa hupauka upesi. Nyumba za jadi za Wajaluo zilikandikwa na kusirimbwa upya na wanawake kila zilipochakaa. Hakuna aliyetarajia ukuta wa udongo udumu milele. Uzuri wake ulidumu kwa sababu mikono ilirudi. Mkataba wa mchoro wa kituo unapaswa kumlipa mchoraji arudi, au uwalipe vijana wa mahali hapo waliofunzwa naye.

Hatua zinazowezekana ziko wazi. Kaunti ya Kisumu na Shirika la Reli waanze na vituo vichache, kimoja jijini, kimoja njiani na kimoja mashambani kama Pap Onditi. Kila kituo kiwe na kikao cha wazi kabla ya rangi kununuliwa, wakae pamoja wafinyanzi, wavuvi, wazee, makanga, waendeshaji bodaboda na wawakilishi wa jamii ndogo. Makavazi ya Kisumu, ambayo tangu 1980 yamehifadhi mfano wa boma la Kijaluo, yashirikishwe ili makosa ya kihistoria yasahihishwe mapema. Idhini ya jamii iandikwe kama sheria ya 2016 inavyotaka. Jina la mchoraji na la aliyetoa nakshi yawe ukutani, kwa herufi zinazosomeka.

Kuhusu kisa cha kuanzia, eneo hilo halina haja ya kwenda mbali. Karibu na Kendu Bay kuna ziwa dogo la Simbi Nyaima. Wenyeji husimulia kwamba hapo palikuwa na kijiji kilichokuwa na sherehe usiku mmoja. Mwanamke mzee, mchovu na mwenye njaa, akafika akiomba mahali pa kupumzika. Wenye kijiji wakamfukuza, isipokuwa mwanamke mmoja aliyempokea. Mvua ikanyesha, kijiji kikazama, na aliyemkaribisha mgeni akasalimika.

Kisa hicho hakimtishi jirani wala hakimsifu mtawala. Kinamhusu mtu aliye safarini, na kinawaonya wale anaowakuta njiani. Mnubi wa Kibos, Mkipsigis wa Sondu na Mjaluo wa Pap Onditi wanaweza kusimama chini ya mchoro wake wakisubiri gari moja, na kila mmoja akajua kwamba yeye ndiye yule mzee anayeomba mahali pa kukaa, na yeye ndiye mwenye nyumba.